Kanga ndiyo iliyonifundisha kupumua

Mimi ni fundi cherehani. Ukishinda umeinama tangu asubuhi, jioni kiuno kinakudai. Mtaalamu wa viungo aliponiambia nijaribu Pilates, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha tumbo na mgongo huku ukiongoza pumzi, nikacheka, nikadhani ni mambo ya wenye nafasi. Kumbe mwanzilishi wake mwenyewe, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883, utotoni alisumbuliwa na pumu, na mazoezi yake mengi hufanywa chini tu. Mkeka ninao.

Mwanzoni niliboronga. Nikisikia "kaza tumbo", nalinyonya ndani na kubana pumzi mpaka macho yananitoka. Zoezi la Mia ndilo lililoniumbua: unalala chali, miguu juu, unainua kichwa na mabega, mikono inapigapiga hewa kandoni. Unavuta pumzi kwa mapigo 5, unaitoa kwa 5, mara 10. Nilipofika 30 shingo iliwaka moto, tumbo limefura kama andazi, kiuno kimeachana na mkeka.

Wifi yangu, aliyenitangulia kwenye mazoezi haya, akachukua kanga, akaikunja, akanizungushia mbavuni chini ya matiti, ncha akanipa nizishike. "Wifi, isukume kwa mbavu, mabega yaache yapumzike."

Ilinichukua siku tatu. Siku ya nne nikavuta pumzi puani, kanga ikabana ubavuni na mgongoni, mabega yametulia. Kisha nikaitoa mdomoni taratibu, kama ninayepoza uji. Mbavu zikafunga, na chini ya kitovu tumbo likakaza lenyewe, pamoja na ile misuli unayozuilia mkojo. Nguvu kidogo tu inatosha! Weka vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga, mbele: misuli ikikaza polepole, sawa, ikichomoza na kuvisukuma vidole, umezidisha.

Nikarudi kwenye Mia kwa adabu: magoti nimekunja, nyayo mkekani, kichwa chini. Baada ya mwezi na kitu nikazimaliza zote 100, kichwa juu, miguu hewani ila magoti bado yamekunjwa. Kunyoosha miguu kabisa, bado. Nikijaribu kiuno kinanyanyuka, basi naiacha.

Dukani nina pasi ya mkaa, nzito kweli. Zamani nilikuwa naibeba nimebana pumzi. Siku hizi naanza kuitoa pumzi ndipo nainyanyua, na wateja wananipa pole wakidhani nahema kwa uchovu.