Niambieni, kwa kunihurumia

Ndugu zangu katika Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, mwezi mpevu wa Oktoba ndio unaofunga Vassa, ile miezi mitatu ambayo watawa wa Theravada, tawi kongwe la Ubudha, hutulia mahali pamoja bila kuhamahama. Sisi walei huisubiri zaidi Kathina inayofuata, sherehe ya kuwapa watawa vitambaa vya majoho, kwa kuwa ndiyo yenye shamrashamra, vitambaa na vyakula. Kabla yake kuna ibada ya watawa wenyewe, isiyo na wageni wala mapambo. Inaitwa Pavarana, na ndiyo ninayotaka tukae nayo wiki hii.

Mtawa mkubwa kuliko wote kwa miaka ya utawa ndiye anayetangulia. Huvaa joho lake bega moja, huchuchumaa, huunganisha viganja na kuwaambia wenzake, hata wale walioingia utawani juzi tu: kama mmeona kosa kwangu, au mmelisikia, au mnalishuku, niambieni kwa kunihurumia, nikiliona nitalirekebisha. Husema hivyo mara tatu. Hufuata wa pili wake, na wa tatu, mpaka kufika kwa mdogo wa mwisho.

Tumezoea kuiona huruma kama kitu tunachokitoa: chakula kwa mwenye njaa, metta, yaani upendo mwema, kwa viumbe vyote. Hapa mtu mzima, mwenye heshima zake, anaiomba. Na anachoomba ni kuambiwa ukweli.

Vinaya, mkusanyiko wa kanuni za watawa, inasimulia chanzo cha Pavarana. Watawa kadhaa huko Kosala, ufalme wa India ya kale, waliingia msimu wa mvua wakiogopa kugombana, wakakubaliana wasisemezane kabisa. Aliyerudi kwanza na bakuli lake la kuombea chakula alitandika mikeka na kuteka maji. Akihitaji msaada alimwita mwenzake kwa ishara ya mkono. Miezi mitatu ikapita bila neno baya. Walipomwendea Buddha wakamwambia wameishi kwa raha na amani. Yeye akawakemea: mmeishi kama mifugo zizini. Ndipo akaagiza Pavarana.

Mimi nalisoma karipio hilo nikiiwaza mitaa yetu. Tuna vikundi vya tafakari ambavyo mtu huacha kuja, na hakuna anayemuuliza kulikoni. Tuna nyumba ambazo watu wanakula meza moja na kila mmoja amemeza lake. Tunaiita amani.

Kuna jambo jingine dogo kwenye simulizi hiyohiyo. Mwanzoni watawa wote walipaswa kuchuchumaa mpaka wa mwisho amalize. Mzee mmoja, mwili umechoka kwa umri, akazimia na kuanguka. Buddha akailegeza kanuni: achuchumae anayesema, akimaliza aketi. Napenda kwamba ibada ya kuomba kurekebishwa nayo ilirekebishwa, kwa ajili ya magoti ya mzee mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki, mdogo akimwambia mkubwa kosa lake ataitwa hana adabu. Buddha hakuwaamuru vijana wawe jasiri. Mzigo aliuweka kwa wazee, waombe kwanza, tena kwa kuchuchumaa. Jumuiya za Kibudha za siku hizi, Asia na hata Magharibi, zimepata aibu kubwa pale mwalimu alipokuwa mtu asiyeambiwa kitu. Waliojua walikuwepo. Hawakuwa wameombwa kusema.

Plum Village, kule Ufaransa, monasteri aliyoianzisha mtawa wa Kivietinamu Thich Nhat Hanh mwaka 1982, ina desturi inayofanana na hii, ambapo wenzake humtajia mtu mema yake kabla ya udhaifu wake. Naiona ni busara. Vinaya nayo inamtaka mwonyaji ajichunguze: je, wakati unafaa, neno ni kweli, ni la upole, lina faida, na moyo wangu ni mwema?

Huku kwetu watawa ni wachache, iwe pale hekaluni Upanga, Dar es Salaam, au kwenye kituo alichokianzisha mtawa Bhante Buddharakkhita nchini Uganda mwaka 2005. Kanuni haikuwasahau walio wachache. Mtawa aliye peke yake hufagia mahali pa kukutania, hutandika, huweka maji ya kunywa na taa, kisha hungoja kama kuna wenzake watakaofika. Wasipofika, hutia nia moyoni: leo ni Pavarana yangu.

Zoezi letu la wiki basi. Mtafute mtu mmoja aliye chini yako kwa nafasi: mwanao, mwanafunzi wako, mdogo wako wa kazini, dada anayekusaidia kazi za nyumbani, ambaye huona yote na hasemi. Muulize ni jambo gani unalolifanya linamuumiza. Akisema "hakuna," usimkamie; mwambie utauliza tena, na uulize kweli. Akilitaja, usijitetee na usimweleze ulimaanisha nini. Mshukuru, kisha ulifanyie kazi kabla ya mwezi mpevu ujao. Na kama anakula mshahara wako, mhakikishie kwanza kwamba kibarua chake hakitaota nyasi kwa neno hilo, na ahadi hiyo uitimize.