Gari lenye namba za kule, mwenye gari yuko huku

Katika mwezi wa nane tangu nihamie ughaibuni kwa ajili ya kazi, niliiandikia kampuni yangu ya bima kuijulisha kwamba kioo cha mbele cha gari kilikuwa kimepigwa na kokoto na kupata ufa. Nilidhani ni jambo la siku mbili tatu. Jibu lililorudi halikugusia kioo hata kidogo. Liliuliza tu gari hilo hulala wapi usiku, na tangu lini. Nilipojibu kwa ukweli, nikaarifiwa kwamba bima yangu kubwa ilikoma kufanya kazi nje ya nchi baada ya siku 90, kwa mujibu wa kifungu nilichokitia saini bila kukisoma. Maana yake ni kwamba kwa miezi mitano nilikuwa nikiendesha gari ambalo hati yake ya bima ilionyesha tarehe halali, ilhali kinga yenyewe haikuwepo.

Tangu hapo nimelazimika kuyasoma mambo haya kwa makini kuliko nilivyopenda, na nimegundua kwamba kosa langu lilianzia mbali zaidi ya bima. Nilikuwa nikiamini kwamba gari humfuata mwenyewe kwa uraia wake: maadamu pasipoti ni ya kule, kadi ya gari ni ya kule na kodi imelipwa kule, basi mimi huku ni mgeni. Sheria haitazami hivyo. Inachotazama ni makazi, yaani mahali unapoishi siku nyingi za mwaka, unapofanyia kazi na walipo watu wako.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ndio unaowezesha gari lenye namba za kigeni kupita katika nchi nyingine bila kusajiliwa upya. Hata hivyo, unalitambua gari hilo kuwa lipo safarini kimataifa iwapo tu mwenye gari ana makazi yake ya kawaida nje ya nchi hiyo na gari limeingizwa kwa muda. Likishakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kutoka kwa kipindi cha maana, nchi iliyolipokea ina hiari ya kulikatalia hadhi hiyo. Nchi nyingi ni kali kuliko hapo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya kawaida kwa gari la mtu binafsi ni miezi 6 ndani ya kipindi cha miezi 12, na anayeishi mahali kwa siku zisizopungua 185 katika mwaka, kwa sababu za kikazi na kifamilia, huhesabiwa kuwa mkazi wa hapo. Lakini zingatia kwamba miezi hiyo 6 ni ya mgeni. Aliyehamia na kupanga nyumba hana haki ya kuisubiri iishe, na hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa, kwa kuwa tunahesabu siku za gari badala ya kuhesabu zetu.

Neno kodi nalo linachanganya, kwa sababu ndani yake mna malipo ya aina tatu ambayo hayahusiani. Kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, vinavyodaiwa gari linapoingia. Kuna kodi ya usajili, ambayo baadhi ya nchi hazina kabisa na nyingine, kama Denmark, huitoza kwa viwango vinavyofikia asilimia 150 kwa sehemu ya juu ya thamani ya gari. Halafu kuna kodi ya kila mwaka ya kutumia barabara. Aliyelipa hii ya tatu asidhani amemaliza zile mbili.

Kwa ushuru wa kuingiza gari, anayehamisha makazi hupewa msamaha katika nchi nyingi, na masharti yake yanafanana sana. Uingereza na Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka uwe umeishi nje kwa miezi 12 mfululizo, uwe umelimiliki na kulitumia gari kwa angalau miezi 6 kabla ya kuhama, na usiliuze wala kuliazimisha kwa miezi 12 baada ya kuliingiza. Kwa hiyo anayenunua gari wiki chache kabla ya safari ili aende nalo hujikosesha msamaha kwa mikono yake. Na ndani ya Umoja wa Ulaya kwenyewe, gari lililotembea kilomita zisizozidi 6,000, au lenye umri usiozidi miezi 6, huhesabiwa kuwa jipya, na kodi yake ya ongezeko la thamani hulipwa linakopelekwa, hata kama mnunuzi alikwisha kuilipa alikolinunua.

Bima ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu inazunguka. Ofisi ya usajili ilitaka hati ya bima ya nchi niliyohamia kabla ya kutoa namba mpya, na mawakala watatu wa bima walitaka namba mpya kabla ya kutoa hati. Wa nne alikubali kulikatia gari bima kwa namba ya chesisi peke yake, kwa sharti kwamba nimpelekee namba za usajili ndani ya muda aliouweka. Laiti ningejua, ningeanza kumtafuta wakala wa namna hiyo kabla ya kufunga mizigo. Ningeomba pia barua ya kampuni ya zamani inayoeleza miaka niliyoendesha bila kudai fidia, kwa maana bila barua hiyo nilihesabiwa kama dereva aliyepata leseni jana. Kadi za bima za kuvukia mpaka, kama Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, au Kadi ya Kijani inayotumika Ulaya na nchi jirani, ni za msafiri. Zinamkinga mtu wa tatu unayemdhuru ukiwa njiani, wala hazigeuki bima ya mkazi.

Katika ofisi ya usajili, gari langu lilikataliwa kwa sababu ya herufi moja. Mtambo wao haukuitambua namba ya chesisi. Niliandamana na karani hadi kwenye maegesho, tukainama kwenye kibati kilicho chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, tukazisoma tarakimu na herufi zote 17 moja baada ya nyingine. Kwenye kadi yangu ya zamani mtu fulani alikuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri. Namba hizo hazitumii kamwe herufi I, O wala Q, makusudi zisichanganywe na 1 na 0, kwa hiyo kosa lilijidhihirisha lenyewe. Hata hivyo karani hakuwa na mamlaka ya kulisahihisha. Ilinibidi kuagiza marekebisho kutoka nchi iliyotoa kadi, na hilo peke yake lilikula wiki sita. Mtu asome namba yake kwenye chuma, si kwenye karatasi, wakati bado yuko karibu na ofisi iliyoiandika.

Ukaguzi ulifuata. Taa kubwa zilibadilishwa, kwa kuwa zilitengenezwa kwa barabara za upande wa kushoto na zingewapiga machoni wanaokuja mbele. Kisha mkaguzi akauona ule ufa wa kioo, uliokuwa umerefuka hadi mbele ya macho ya dereva, akalikataa gari. Nililipia kioo kwa fedha zangu.

Namba mpya zilipofungwa nilidhani nimefika, hadi ilipokuja barua kutoka kule nilikotoka ikidai kodi ya mwaka uliofuata pamoja na faini ya kuchelewa. Sikuwa nimefuta usajili wa zamani. Kwenye daftari lao gari bado lilikuwa lao, na halikufutwa hadi nilipowatumia nakala ya kadi mpya na hati ya forodha yenye tarehe ya kutoka. Kodi waliifuta, faini niliilipa.