Kanzu, kitenge na bugaluu: kutoka Kigoma hadi kwenye sherehe za melini

Meli za kitalii zinazopakia abiria Durban hufanya kazi yake kubwa kati ya Novemba na Aprili, majira ya joto ya kule kusini. Kwa mtu wa Kigoma, safari ya kuzifuata inaanzia kwa fundi cherehani, na inafaa ianze mapema. Wiki 6 kabla ya kuondoka si nyingi. Pasipoti, tiketi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vina ofisi zake na vina siku zake. Nguo za usiku wa mavazi, yaani usiku ambao abiria huvaa kwa mtindo uliotangazwa, hazina ofisi, na ndizo zinazowafanya watu wajifungie chumbani wakati wenzao wako sitahani, wakidhani hawakualikwa. Swali ni lilelile: ujiunge au usijiunge?

Kabla ya kununua hata nusu yadi, uliza jambo moja: usiku huo ni sherehe ya hiari, au ni kanuni ya mavazi ya ukumbi wa chakula? Wengi huyachanganya haya mawili. Usiku wa mavazi meupe, wa miaka ya sabini, wa maharamia, wa rangi za kitropiki, hizo ni sherehe. Ukienda na shati lako la kila siku hakuna atakayekurudisha. Usiku rasmi ni jambo lingine, kwa sababu unagusa mlo. Kampuni ya Carnival huweka usiku rasmi 1 katika safari za siku 2 hadi 5, na usiku 2 katika safari ya siku 6 au zaidi. Asiyetaka kuvaa rasmi anakula kwenye bafe, na anashiba vizuri tu. Cunard, kampuni nyingine ya meli, ni wakali zaidi: kwenye usiku wao wa gala, asiyevaa rasmi anabakiwa na sehemu chache za kukaa. Lakini Cunard haohao wanalikubali vazi rasmi la taifa mahali pa suti nyeusi na tai, na hapo mtu wa Ujiji hana cha kuazima kwa mtu. Kanzu nyeupe iliyonyooka, koti jeusi juu yake na kofia ya viua vinatosha kuingia ukumbi wowote.

Kwa hiyo kwangu jibu la kujiunga au kutojiunga ni kujiunga, ila kwa nguo uliyotoka nayo nyumbani, iliyoshonwa kwa vipimo vyako, na ambayo utaivaa tena kwenye harusi ya ndugu. Mavazi ya dukani ya usiku mmoja, yale ya nailoni nyepesi na plastiki, siyashauri kabisa. Hupasuka kwenye mishono, huyeyuka yakiguswa na moto, na yanakula nafasi ya begi lenye kikomo cha kilo 23.

Kanzu ya mtu mzima wa urefu wa wastani inahitaji kama mita 3.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Usichague pamba tupu. Melini pasi hairuhusiwi chumbani, wala kile chombo cha kunyooshea nguo kwa mvuke, kwa sababu ya hofu ya moto. Kampuni nyingi huvichukua mlangoni wakati wa ukaguzi na kuvirudisha mwisho wa safari. Tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na polista, hujikunja kidogo, na ukiitundika bafuni wakati wa kuoga maji ya moto, mlango umefungwa, mikunjo mingi inalegea kwa dakika 20. Kufua na kupigisha pasi kwa wahudumu kunalipiwa, na nguo inaweza kurudi kesho yake, wakati sherehe imekwisha.

Kitenge ni hesabu nyingine. Pisi moja ni yadi 6, karibu mita 5.5. Gauni refu la mama mwenye mwili wa wastani hula yadi 4, na 2 zinazobaki zinatosha shati la mikono mifupi la baba, hivyo pisi moja inawavisha wawili sare. Vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo vina rangi nzito ambayo huchuja mara ya kwanza. Viloweke kwenye maji baridi kabla ya kukatwa, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe, kisha uanike kivulini. Ukiruka hatua hii, jasho la kucheza ngoma litaihamisha rangi kutoka kwenye mkanda wa kitenge hadi kwenye gauni jeupe, na hiyo haitoki.

"Pindo nikunje inchi moja, mama, kama kawaida?" aliuliza fundi wetu wa Ujiji, chaki mkononi.

"Tatu, baba. Huko tunakokwenda kuna upepo."

Alikunja tatu, akashona mara mbili. Meli ikienda kwa mwendo wa noti 18 inakata kilomita 33 kwa saa, kwa hiyo hata bahari ikiwa shwari kabisa, mtu aliyesimama kwenye sitaha ya wazi anapigwa na upepo wa mwendo huo. Gauni pana lenye pindo jembamba linapanda hadi kiunoni. Pindo zito, bitana ndani, au sketi iliyonyooka badala ya ile ya duara, vinamaliza tatizo. Mtandio nao unataka pini tatu: mbili mabegani na moja chini ya kidevu.

Kwa usiku wa miaka ya sabini sisi tuna urithi wetu: bugaluu, suruali inayopanuka kuanzia goti kwenda chini. Soko la mitumba la Mwanga, mjini Kigoma, lina suruali za kila aina, na fundi mwenye umri wa kutosha anaikumbuka mishono yake. Chagua suruali inayobana mapajani. Fungua mshono wa nje kuanzia goti hadi chini, kisha ingiza pembetatu ya kitenge yenye urefu wa sentimita 45 na kitako cha sentimita 20 kwa kila mguu. Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuanza pembetatu juu ya goti. Suruali inapoteza umbo na mvaaji anaonekana amevaa sketi mbili. Pindo la nyuma likae juu ya sakafu kwa sentimita 1, vinginevyo utalikanyaga ngazini. Viatu vya raizoni, vile vya soli nene, viacheni nyumbani. Sitaha huwa na maji na meli inayumba, na soli ndefu ngumu ni njia ya haraka ya kuteguka kifundo. Kisigino kipana kisichozidi sentimita 5, chenye mpira chini, kinatosha kwa usiku wote. Kisigino chembamba hakifai pia, kwa kuwa sitaha za mbao zina mianya na kisigino kinazama humo.

Treni iliondoka Kigoma ikiwa imejaa, madirisha wazi. Kulia nyuma yetu ilibaki bandari ambako MV Liemba iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Chuma chake kilitoka kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kikaja vipande vipande hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kuelekea ziwani kwa reli. Karakana hiyohiyo ndiyo iliyounda Disney Dream, meli inayofanya usiku wa maharamia kwa maelfu ya abiria. Jambo hili linanifurahisha sana, na nilimweleza kila aliyekaa karibu nami.

Vumbi jekundu la njia hii ni adui wa kanzu. Nguo nyeupe zikunjwe kwa kuviringishwa, ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kwenye foronya ya rangi nyeusi, na zikae katikati ya begi. Usizifunge kwa magazeti, wino huhamia. Tabora wauza asali hawakosekani, na asali ya pale ni nzuri kweli, lakini inunue wakati wa kurudi. Chupa ikivuja kwenye begi la sherehe hakuna cha kuokoa, na forodha ya Afrika Kusini ina masharti makali juu ya asali. Mawese nayo huvuja vivyo hivyo.

Kutoka Dar es Salaam ni ndege hadi Johannesburg, kisha Durban. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara fupi. Bandarini, mabegi makubwa hupokelewa na wapagazi nje ya jengo na kufikishwa mlangoni mwa chumba baadaye, mara nyingine usiku umeshaingia. Hapa ndipo wengi hukwama. Katika safari fupi za kwenda pwani ya Msumbiji na kurudi, usiku wa mavazi meupe unaweza kuangukia siku ya kwanza, na nguo bado ziko chini kwenye shehena. Vazi la usiku wa kwanza, viatu vyake na pini zake vibebwe kwenye mkoba wa mkononi. Mpangilio wa siku zote uombe kwa wakala kabla ya kuondoka, ukijua kwamba upepo au mvua vinaweza kuubadili. Ratiba ya kuaminika ni ile ya siku husika inayotolewa na meli yenyewe.

Usiku wa mavazi meupe ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu meli nzima inaingia, bibi na mjukuu. Kwa kawaida huanza mnamo saa 4 usiku kwenye sitaha ya bwawa, chini ya taa za zambarau. Angalia kanzu mbili zikisimama pamoja chini ya taa hizo. Moja inawaka kama umeme, nyingine imefifia kuwa kijivu, ingawa mchana zilikuwa sawasawa. Sababu ni sabuni. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha ambayo hupokea miale tusiyoiona ya taa hizo na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Sabuni ya mche, ile ya mawese tunayoitegemea Kigoma, haina kitu hicho, na ikitumika mara nyingi huacha ukungu juu ya nyuzi. Basi nguo ya usiku huu ifuliwe kwa sabuni ya unga na kusuuzwa vizuri. Rangi ya maziwa au ya krimu kwa kawaida haiwaki kama nyeupe. Taa hizo pia huonyesha kila uzi na kila unyoya uliogandia, na nguo ya ndani nyeupe hung'aa kupitia kitambaa chembamba. Vaa shumizi inayokaribia rangi ya ngozi yako.

Wenzetu waliojisitiri kwa madera meupe na mitandio walikaa upande wa matusi, mbali na meza za vinywaji, wakacheza kwa nafasi yao na kuondoka walipotaka. Hakuna anayehesabu saa za mtu.

Usiku rasmi unahitaji maandalizi machache ukishakuwa na kanzu na koti, au gauni la kitenge lililoshonwa kwa adabu. Wapiga picha huweka mapazia na taa kwenye ukumbi mkubwa. Kusimama kupigwa ni bure. Kinacholipiwa ni picha yenyewe, na ukiikataa hakuna neno.

Usiku wa maharamia kitambaa cha kichwa kinatosha. Upande mmoja wa kanga, ukikunjwa pembetatu na kufungwa kisogoni, ni bora kuliko vazi zima la kukodi. Usibebe panga wala bastola, hata za plastiki: kampuni nyingi hukataza mfano wowote wa silaha. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi usizitie hata begini. Huku kwetu raia kuzivaa ni kosa, na Barbados, Jamaika na Trinidad na Tobago ni kosa vilevile, kwa hiyo anayeshuka nchi kavu nazo anaweza kukamatwa. Barakoa inayofunika uso wote nayo huleta shida na walinzi. Ishie kwenye macho.

Usiku mmoja tu ndio ningemwambia mtu autazame kutoka pembeni: ule unaotaka watu wavae vazi la ibada au la heshima la watu wengine, mataji ya manyoya na mfano wa hayo. Sisi tunajua uchungu wa kuona vazi la mganga au la mtemi likigeuzwa kichekesho. Kwenye usiku wa aina hiyo vaa kitenge chako, kaa mezani, sikiliza muziki.

Doa la divai nyekundu au la mchuzi likiangukia nguo nyeupe, mwaga maji baridi papo hapo na ukandamize kwa kitambaa bila kusugua. Maji ya moto yapo bombani na yanashawishi, lakini joto hukaza doa.

Usiku wa mwisho mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane ili yapelekwe bandarini. Watu hupakia kila kitu kwa furaha ya kurudi, wakaamka na kanzu ya sherehe tu, au hata bila viatu. Kabla ya kufunga zipu toa suruali, shati, viatu, dawa na pasipoti za asubuhi, uviweke kitandani ambako utaviona.