Kumbukumbu ya mradi: kofia za vitufe vya laptop zilizochakaa mapema

Mashine ni laptop ya inchi 14 yenye kibodi ya taa, imeandikiwa Kiswahili karibu kutwa kwa miaka 2. Vitufe 6 vimechoka: A, I, N, U, K na spesi. E, ambayo kwa waandishi wa Kiingereza huwa kati ya za kwanza kwisha, bado ina ukwaru wake. Sababu ni lugha. Hesabu "wanafunzi wanasoma kitabu cha Kiswahili": herufi 35, a ziko 8, i ziko 5, e hakuna hata moja. Tena A hupigwa na kidole kidogo cha kushoto, ambacho hutua kwa ubavu na kukwangua kwa ukucha. Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, ziko kama zilivyotoka kiwandani. Zitafaa mbele.

Siku ya 1: kujua ni tabaka gani linakwisha

Hapa ndipo wengi wanapoteza hela, kwa sababu wananunua stika au kibodi nzima kabla ya kujua kinachochakaa. Kofia nyingi za laptop ni plastiki ya ABS, ambayo ni laini. Vidole huisugua mpaka vile vinundu vidogo vya juu vinalala, na uso unaanza kung'aa. Mng'aro huo si uchafu, kwa hiyo hakuna sabuni itakayouondoa. Plastiki ya PBT, inayotumika kwenye kofia za kibodi nyingi za nje za bei ya juu, hustahimili msuguo huo kwa muda mrefu zaidi.

Kibodi ya taa ina jambo la ziada. Kofia yake kwa kawaida ni plastiki inayopitisha mwanga, imepakwa rangi nyeusi juu, na herufi imechomwa kwa leza ndani ya ile rangi. Kwa hiyo herufi haififii, inanenepa. Kingo zake zinalika, mguu wa A unakuwa mpana, kisha nukta za mwanga zinatokea pembeni.

Kipimo ni rahisi. Zima taa ya chumba, washa ya kibodi hadi mwisho, piga picha kwa simu ukiwa karibu. Kisha zima taa ya kibodi na umulike tochi kutoka ubavuni, chini kabisa, upige tena. Picha ya kwanza inaonyesha rangi iliyotoka, ya pili inaonyesha mng'aro. Matokeo: I, U, K na spesi zinang'aa tu, rangi ni nzima. A na N zinavuja mwanga, na A ina mkwaruzo wa umbo la mwezi mchanga upande wa kushoto, saizi ya ukucha.

Siku ya 2: usafi

Laptop imezimwa kabisa, chaja imetolewa. Brashi laini ya rangi, mashine imeinamishwa ili vumbi lidondoke badala ya kuzama. Mchanga mwembamba ukibaki juu ya kofia, kila mguso unakuwa msasa. Baada ya hapo kitambaa cha mikrofaiba kilicholowa kidogo kwa maji yenye tone 1 la sabuni ya vyombo, kikamuliwe mpaka kisiache maji, kisha kitambaa kikavu.

Spiriti isimwagwe wala kupulizwa kwenye vitufe. Ikitumika kila siku hulainisha rangi ya juu, na kidole kinachofuata kinaibeba. Kitakasa mikono kina kosa hilohilo: ukianza kuandika kabla hakijakauka, unaipaka kibodi pombe kwa vidole 10. Mafuta ya mikono nayo yanyonywe na ngozi kwanza. Asetoni, ile ya kutoa rangi ya kucha, isikaribie kabisa, kwa kuwa inayeyusha ABS.

Uamuzi: I, U, K na spesi zibaki zilivyo. Msasa wa namba 2000 unaweza kurudisha ukwaru kwenye kofia isiyo na rangi ya juu, ila kwa muda mfupi. Kwenye kofia ya taa unamaliza rangi yote. Kalamu ya maka iliyofunikwa kwa rangi ya kucha isiyo na rangi imekataliwa pia. Viyeyusho vyake vinaing'ata plastiki na uso unakunjamana.

Siku ya 5: kofia za A na N

Kibodi ya kwanza ya kuchinja, yaani ya kutolewa vipuri, ilitoka kwenye mashine mbovu ya fundi, modeli ileile ya laptop. Kofia zake hazikuingia. Modeli moja inaweza kuwa na kibodi za watengenezaji tofauti, kama Chicony, Darfon au LiteOn, na kila mmoja ana ndoano zake chini ya kofia. Linganisha namba ya lebo iliyo nyuma ya kibodi, au geuza kofia 1 utazame ndoano kabla ya kulipa. Kibodi ya pili ilikuwa na lebo ileile, ndoano zikafanana.

Jaribu kwanza kwenye X, ili kama kuna kitu cha kuvunjika kivunjike pale. Chomeka kadi nyembamba ya plastiki chini ya kona ya juu, nyanyua polepole mpaka isikike "tak", rudia kona ya pili, kisha vuta kofia kuelekea kwako. Ikigoma, usilazimishe; modeli nyingine hufunguka kuanzia chini.

Chini ya kofia kuna mkasi, yaani fremu 2 za plastiki zilizoshikana katikati kwa vipini, na ndani yake kikombe cha mpira. Piga picha kabla ya kugusa, maana mkasi ukigeuzwa kofia hukaa upande. A iliingia bila shida. Kwenye N kipini 1 cha mkasi, chembamba kuliko kichwa cha kiberiti, kilikatika, na kitufe kikawa kinazama kona moja. Dawa ni mkasi mzima kutoka kwenye kibodi ileile ya kuchinja. Supa glu hapa ni hatari: inatiririka hadi kwenye mpira, inaugandisha, na kitufe kinakufa.

Mkasi huingizwa kwanza chini ya ndoano za bamba la chuma lililo chini ya vitufe, kwa kibano. Weka kofia juu, bonyeza katikati, halafu kona moja moja.

Stika na kava

Stika nyeusi zinaziba taa, na kwenye joto la pwani gundi ya zile za bei rahisi hutoka kingoni ikakusanya vumbi. Kava la silikoni linalinda kofia kweli, lakini liondolewe kabla ya kufunga laptop; kwenye mashine nyembamba linasukuma kioo na kuacha alama.

Siku ya 35

Picha za tochi, pembe ileile: A mpya haina mkwaruzo, kucha zikikatwa kila wiki. I imeongeza mng'aro kidogo. Kazi ndefu zimehamia kwenye kibodi ya nje yenye kofia za PBT.

Inayofuata ni Shift ya kushoto, ambayo imeanza kuvuja mwanga kona ya chini. Ina waya wa chuma unaoisawazisha. Waya huo uingie kwenye vishikizo vyake kabla kofia haijabonyezwa, la sivyo vishikizo vinapinda. Kama navyo vitapinda, kibodi nzima itabadilishwa, na kwenye mashine hii imeshikwa kwa riveti, yaani vipini vya plastiki vilivyoyeyushwa ili visitoke. Badala ya kuzikata moja moja, itanunuliwa fremu ya juu iliyokuja na kibodi yake.