Siku moja maishani mwangu: mbele ya mkanda wa taka

Saa 12 asubuhi, kiwanda cha kuchambua taka za kurejelezwa. Buti, miwani, barakoa, glavu nene. Lori limeshamwaga mzigo sakafuni, na katapila linausukuma kuelekea kwenye mkanda.

Saa 1. Nasimama mwanzo wa mkanda, pale panapochambuliwa kwa mkono. Natoa visivyotakiwa kabla havijafika kwenye mashine: nepi, nguo, sufuria, mipira ya kumwagilia maji. Leo nimetoa kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto. Cha kulia kikapita baada ya kama dakika 20, kikiwa peke yake.

Saa 3. Mbele yangu makatoni yanapanda juu ya visahani vinavyozunguka, vidogo vinadondoka chini. Chupa za kioo huvunjikia huko huko. Sumaku inanyakua makopo ya chuma. Ya alumini hayashikwi na sumaku ya kawaida, kwa hiyo yanapitishwa juu ya rota ya sumaku inayozunguka kwa kasi; umeme unazuka ndani ya kopo lenyewe, nalo linaruka mbele kama panzi. Miaka yote hii bado natazama.

Saa 5. Mkanda umesimama. Mifuko ya plastiki, kama kawaida, imejiviringisha kwenye shafti za visahani hadi zimenenepa kama magogo. Tunazima umeme, kila mmoja anatia kufuli lake na kubaki na ufunguo wake mfukoni, ndipo tunaingia na visu. Inachukua karibu saa nzima. Wengi hufunga chupa zao ndani ya mfuko wakidhani wanaturahisishia! Zimwageni tu, jamani, bila mfuko.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 8. Nahamishiwa kwenye mashine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Inatambua aina ya plastiki kwa mwanga unaorudi, kisha hewa inapuliza chupa ya maji huku, ya sabuni kule. Trei nyeusi haizioni, kwa sababu rangi ya kaboni humeza mwanga wote. Zinaishia jalalani hata zikiwa safi.

Saa 9. Moshi sakafuni! Betri ya lithiamu ndani ya mwanasesere imepondwa na katapila. Tumeuwahi.

Saa 10. Marobota ya makatoni yamefungwa waya, yanasubiri kupakiwa. Namkabidhi kisu mwenzangu wa zamu ya jioni.

"Shafti ipi?"

"Ya pili. Na ya tatu imeanza."