Nilivyojifunza fyuga ya Viktor Ullmann kwa njia ya kwaya

Mtunzi Viktor Ullmann alimaliza Sonata yake ya 7 ya piano, utungo wa sehemu kadhaa, Agosti 1944 akiwa Theresienstadt, geto la Wanazi kaskazini mwa Prague. Sonata hiyo aliwatunukia wanawe Max, Jean na Felice. Oktoba mwaka huohuo alipakiwa kwenye treni ya kwenda Auschwitz, akauawa huko. Nota zilisalimika kwa sababu aliziacha kwa mfungwa mwenzake, Emil Utitz, msimamizi wa maktaba ya geto. Namshukuru Utitz kila ninapozifungua.

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri. Sonata hii ilininasa kwenye sehemu ya 5, ya mwisho, ambayo ni mageuzo (wimbo mmoja ukirudiwa kwa sura mbalimbali) na fyuga (sauti kadhaa zikipokezana wimbo na kupishana) juu ya wimbo wa Kiebrania. Nilikuwa nasikiliza rekodi huku nikifuata nota, mara katikati ya ule msongamano nikasikia so so so la la so. Nikarudisha nyuma. Ndio wenyewe, Nun danket alle Gott, wimbo wa shukrani ambao waumini wetu huuimba wamesimama. Mchungaji Martin Rinckart aliuandika Ujerumani karne ya 17, Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea, vita ambavyo ndani yake alizika watu wa mji wake waliokufa kwa tauni. Ullmann hakuuokota ovyo. Humohumo ameweka wimbo wa vita wa wafuasi wa Jan Hus, mhubiri Mcheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, ambao Mcheki yeyote pale geto angeutambua mara moja, na nota nne zinazotaja jina la mtunzi Bach, kwa kuwa kwa Kijerumani B, A, C na H ni majina ya nota.

Kuipiga fyuga hiyo lilikuwa jambo jingine. Katika wimbo wa kanisani mikono inatembea pamoja, lakini katika fyuga kila sauti ina safari yake, na kidole kimoja kinaweza kuhama kutoka alto kwenda teno bila kuaga. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwenye mazoezi ya kwaya: nikanakili kila sauti peke yake kwa sol-fa, yaani do re mi, nikaiimba mpaka ikakaa kichwani. Kuna mahali sol-fa ilikataa kabisa, maana Ullmann alisoma Vienna kwa Schoenberg, mtunzi aliyeacha kufuata ufunguo, na hakai kwenye ufunguo mmoja muda mrefu. Hapo nikahesabu nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili za piano. Zile nota nne za Bach ni rahisi ukizisikia hivyo: unashuka nusu toni, unapanda, unashuka nusu toni tena.

Kilichonifungulia njia ni kuimba besi huku mikono ikipiga sauti zilizobaki, kisha kuimba teno, kisha alto. Ni zoezi gumu na la polepole, na silioni mbadala wake. Wimbo wa wafuasi wa Hus sikuwa naujua, kwa hiyo niliuweka kando nikajifunza kama wimbo kamili, nikauimba hata nikipika. Wimbo usioujua huwezi kuutoa ndani ya fyuga, vidole vitaufunika tu. Pedali niligusa kidogo sana.

Halafu kuna suala la mwendo. Wako wanaoipiga sehemu hii kama matanga, na mimi nawapinga. Ullmann aliandika akiwa mlemle geto kwamba hawakukaa tu wakilia kando ya mito ya Babeli. Anayeijua Zaburi ya 137 anaelewa uzito wa maneno hayo kutoka kwa mtu aliyefungwa. Kwa hiyo so so so la la so ikifika sipunguzi mwendo wala silainishi. Naipiga kwa kifua kizima, kama ibadani.

Nilipoipiga mbele ya wanakwaya wetu, niliwaomba kwanza waimbe ule wimbo wa shukrani, kisha nikawapigia wimbo wa Kiebrania peke yake. Fyuga ilipoanza walikuwa tayari na nyuzi za kushika, na wimbo wao ulipojitokeza, waimbaji wa besi waliudaka kabla sijaumaliza. Sasa nimeanza sehemu ya 3, ile ya polepole, na sol-fa inakataa kuanzia ukurasa wa kwanza.