Pete ya kanisani na Sheria ya Ndoa

Kanisa limo ndani ya sheria zetu kuliko wengi wanavyodhani. Fungua Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya 1971, kifungu cha 11(5): ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Hata mke akiridhia! Ile ya bomani hugeuzwa, kwa tamko la hiari la wote wawili mbele ya hakimu.

Kwenye talaka ndipo watu hukwama. Kwa kawaida, kabla ya kwenda mahakamani, unaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Barua ya mchungaji, hata iwe na muhuri wa usharika, haitoshi kama baraza la kanisa lenyewe halikuundwa kisheria. Hati ya baraza iseme wazi kwamba usuluhishi umeshindikana, la sivyo shauri hutupwa.